Kiti cha Pate na Sanduku la Shangazi

Kijana alipoleta posa kwa mpwa wangu, shangazi hakuuliza anafanya kazi gani. Aliuliza kwao ni wapi. Akaambiwa Witu. Akavuta tasbihi yake punje mbili tatu, kisha akasema, "Watu wa Witu ni watoto wa watoro. Sisi ni Wanabahani." Posa ikaishia hapo, hata chai haijapoa.

Siku ya pili akanipigia simu Mombasa. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Njoo Amu utuandikie shajara, tangu Sultani Suleiman mpaka mimi. Nataka itundikwe dakani. Asiyetujua atujue."

Nakiri kwamba nilifurahi. Neno hilo, Nabahani, nimelelewa nalo. Babu alikuwa akituona tunakula huku tumesimama anatukemea: mtoto wa mfalme hali hivyo! Ufalme wenyewe hatukuuona. Nyumba yetu ilikuwa na dari linalovuja na deni la duka. Lakini neno lilikuwepo, na sisi watoto tulitembea nalo vichochoroni kama mtu aliyevaa kanzu mpya.

Kwa asiyewajua, Nabahani ni ukoo uliotawala sehemu za bara la Oman kwa karne kadhaa, na tawi lake likakalia kiti cha Pate, kisiwa kilicho kaskazini mwa Amu. Habari zao zimo katika masimulizi yanayojulikana kama Habari za Pate. Yanasema kwamba mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204 kwa kalenda ya Miladi, Suleiman bin Suleiman aliyepoteza ufalme kwao alifika Pate na watu wake. Akawapa wenyeji zawadi, akamposa binti wa mfalme wa Pate, naye akapewa. Fungate lilipokwisha akaenda kumwamkia mkwewe, na mkwe akamkabidhi ufalme.

Nilianzia hapo, manake shangazi alitaka nianzie hapo. Tatizo likajitokeza mapema. Inasemekana hati ya asili ya habari hizo ilipotea Witu ilipopigwa na Waingereza mwaka 1890. Tulicho nacho leo kimetokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za mzee mmoja wa ukoo huo, Muhammad bin Fumo Omar, maarufu Bwana Kitini, aliyewasimulia na kuwaandikishia watu mwanzoni mwa karne ya 20. Stigand alichapisha toleo moja kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner akatoa jingine muda mfupi baadaye, na matoleo hayo hayakubaliani kila mahali. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliyalinganisha na mabaki ya kale na maandishi ya Wareno, akaona Nabahani hawakushika Pate zamani hivyo. Kwake yeye huenda ni karne ya 17. Wachimbuaji waliomfuata wakaonyesha kwamba mji wenyewe ni mkongwe kuliko alivyodhani, lakini umri wa mji si umri wa ukoo.

Kwa hiyo kileleni mwa shajara ya shangazi palikuwa na sultani mmoja na pengo la karne nne hivi. Nikamweleza kwa simu. Akasema, "Hao Wazungu walikuwepo?"

Hawakuwepo. Ila mifupa ilikuwepo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Baadhi yao walizikwa Mtwapa, Manda na Faza, na Faza iko kisiwa hichohicho cha Pate. Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa watafiti. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu hao wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, na hasa kwa upande wa akina mama. Upande wa Asia uliletwa zaidi na wanaume, na wengi wao walitoka Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Damu ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Nilipoyasoma hayo nilirudi kwenye Habari za Pate nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka mara zote. Suleiman hakuuteka mji. Aliupata kwa ndoa. Kiti kilikuwa cha watu wa mkewe kabla hakijawa chake. Na yule mke, ambaye pasipo yeye pasingekuwa na Nabahani wa Pate hata mmoja, anaitwa binti mfalme, basi. Majina ya wanaume yamepangwa kama vikombe katika zidaka, mwana wa fulani mwana wa fulani. Mwanamke aliyeleta ufalme ni binti wa mtu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na wa nyuma yao wanane. Ukirudi vizazi 20, ambavyo ni kama miaka 600, nafasi zinazotakiwa kujazwa zinapita milioni moja. Pate haijawahi kuwa na watu milioni moja. Maana yake ni kwamba watu walewale wanajirudia katika nasaba yako na ya jirani yako, mfalme na mvuvi pamoja. Mtu wa visiwa hivi akisema ana mfalme katika nasaba yake, huenda anasema kweli. Jirani yake aliyemdharau naye huenda anaye. Shajara ya kutundika dakani huchagua mstari mmoja kati ya mistari hiyo milioni, na mara nyingi mstari huo huchaguliwa na haja ya wakati.

Na haja zilikuwepo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wa pwani kwa kodi na kwa haki: huyu mwenyeji, yule si mwenyeji. Kuhesabiwa Mwarabu kulikuwa na faida, na miaka ya 1920 Mombasa ilijaa mabishano juu ya nani Mwarabu na nani Mswahili, na nani apige kura upande gani. Nasaba iliyokuwa ikisomwa arusini na matangani ikawa kitu cha kupeleka ofisini. Mtu aliyekuwa na njia ya kujiita Nabahani, Mazrui au Shirazi angeacha kuitumia kwa nini?

Nikapanda basi kwenda Amu, na kesho yake nikavuka kwa boti hadi Mtangawanda, nikatembea mpaka Pate. Nilitaka kuona makaburi. Mji wa kale umelala katikati ya mashamba ya tumbaku, kuta zimesimama nusunusu, majani mapana yameota palipokuwa vyumba. Nilitafuta maandishi, nikapata mawe. Siwa ya pembe ya wafalme wa Pate, ile iliyokuwa ikipulizwa kwenye sherehe kubwa, sasa iko kwenye makumbusho ya Amu, mji uliowashinda Wapate pale Shela mnamo mwaka 1812. Huo ndio mwisho wa mambo ya ufalme: mshindi ndiye anayekutunzia pembe.

Baada ya Shela, Pate haikuinuka tena. Mmoja wa warithi wa kiti, Ahmed aliyepewa jina la Simba, alihama na kuvuka bara, akapita Kau kwenye mto Ozi, na mnamo miaka ya 1860 akaweka makao Witu, msituni, mbali na mizinga ya Sultani wa Unguja. Na mfalme anahitaji watu. Waliomjia Simba walikuwa wa kila aina, wakiwemo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Aliwapokea, wakajenga vijiji, wakalima, wakashika silaha. Mwaka 1885 Wajerumani, kupitia ndugu wawili Denhardt, wakamweka chini ya himaya yao. Mwaka 1890 wakaiachia Uingereza Witu katika mkataba wa Heligoland na Zanzibar, bila kumuuliza mwenye nchi. Septemba hiyo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa Witu, na Oktoba jeshi la Admirali Fremantle likaja na kuuchoma mji. Fumo Bakari, aliyekuwa amemrithi Simba, akakimbilia msituni na akafa Januari iliyofuata.

Basi "watoto wa watoro" wa Witu ndio waliokuwa watu wa Nabahani ufalme ulipobaki mdogo. Hili peke yake lingetosha kumjibu shangazi. Lakini lilikuja jingine.

Niliporudi Amu nilimwomba anifungulie sanduku lake. Humo mlikuwa na kanga za arusi, vyeti vya kuzaliwa, picha ya babu akiwa kijana, na chini kabisa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye hati za Kiarabu. "Hiyo ndiyo ya ufalme," akasema. Alipewa na babake, akaambiwa aihifadhi. Hakuwahi kumpa mtu aisome.

Nikaipeleka kwa maalimu mmoja anayejua kusoma hati za zamani. Akaisoma mara ya kwanza kimya. Kisha akaniuliza kama nina haraka. Ilikuwa ni ukiri wa miaka michache kabla Witu haijachomwa. Bibi mmoja wa Kinabahani, akiwa na akili timamu, amemwacha huru mjakazi wake pamoja na mwanawe mdogo, kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu. Jina la yule mtoto ni jina la babu yake shangazi. Jina la mjakazi sijawahi kulisikia nyumbani kwetu.

Nikajaribu kukwepa. Nikamwambia maalimu, huenda baba wa mtoto alikuwa Mnabahani. Akatikisa kichwa. Mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake huzaliwa huru, na jina la babake ni lake. Asingehitaji karatasi. Ila, akasema, katika sheria aliyeachwa huru ana uhusiano na aliyemwacha, unaitwa walaa, na hata mirathi huweza kupita humo. Walioachwa huru wengi walichukua jina la nyumba iliyowaacha. "Hamkudanganya," akaniambia. "Nyinyi ni Wanabahani. Lakini mumeingia kwa mlango mwengine."

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Babu yake shangazi alikuwa kijana wakati huo, keshakuwa huru miaka mingi. Namfikiria akioa, akizaa, akiitunza ile karatasi. Kwanza lazima aliitunza kama kinga, asije mtu akamdai. Baadaye kinga haikuhitajika, na mwanawe akapewa karatasi na jina bila maelezo. Kufikia kwa shangazi, hati ya uhuru ilikuwa imegeuka kuwa hati ya ufalme. Sidhani kuna aliyekaa chini akatunga uongo. Kila mmoja alinyamaza kidogo tu.

Nilimsomea shangazi baada ya laasiri. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Hilo usiliandike."

Nikamwambia, shangazi, nikiliacha hilo sina cha kuandika. Kutoka kwa Suleiman kuja chini sina hata uzi. Kutoka kwa mama huyu kuja kwako nina kila jina, na nina karatasi. Ukitaka shajara ya kweli, juu kabisa akae yeye.

"Mjakazi?"

"Mama wa babu yako."

Hakujibu. Nikaiandika usiku ule, kwa mkono, kwenye karatasi ya manila. Juu nikaweka jina lake, ambalo hapa nalihifadhi manake ni la watu wa nyumbani. Chini yake mwanawe, na mke wa mwanawe, maana safari hii niliuliza majina ya wake pia, na kumbe shangazi alikuwa nayo yote kichwani. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alinitajia hadi usiku mkubwa, huyu alitoka Siyu, huyu mamake alikuwa Mbajuni wa Kizingitini, yule alifia Mombasa. Upande wa Nabahani nikauandika pembeni, kwa wino mwengine, pamoja na jina la bibi aliyewaacha huru. Naye ana haki yake.

Shajara haikutundikwa dakani. Shangazi aliikunja mara nne akaitia sandukuni, juu ya kanga, si chini. Mpwa wangu alikuwa keshaipiga picha kwa simu yake. Sikumuuliza alimtumia nani.

Mwezi uliofuata nilimpigia shangazi kumjulia hali. Tukazungumza juu ya mvua, bei ya samaki, goti lake. Nilipokuwa naaga akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi, "Yule kijana wa Witu, hivi alishaoa?"

Nikamwambia bado.

"Haya," akasema. "Mwambie mamake aje tena. Na safari hii aje mapema, chai inywewe."