Wino wa maka peni ya bluu mpauko: kwa nini unasambaa na kufifia

Uliandika tarehe kwenye kiroba siku ulipotia mahindi dawa ya kuhifadhi. Unarudi baada ya miezi kadhaa kuchota ya kusaga, na maandishi yamebaki kivuli tu. Ni mwezi wa sita au wa saba? Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa zimekwisha au bado? Dawa haina kosa hapo, tatizo ni wino. Leo tunaangalia wino wa maka peni, hasa ile ya bluu mpauko, ambayo huwadanganya wengi.

Ndani ya kalamu kuna nini

Maka peni nyingi zinazoitwa za kudumu zina vitu vitatu: rangi, spiriti, na kiasi kidogo cha gundi. Rangi imeyeyuka ndani ya spiriti kama sukari kwenye chai. Ncha ya kalamu huvuta wino kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Ukiandika, spiriti inabeba rangi mpaka juu ya kitu, kisha inaruka hewani ndani ya muda mfupi. Rangi na gundi ndivyo vinavyobaki.

Ndiyo maana maka peni ikiachwa bila kifuniko inakauka haraka. Pia usiiweke karibu na jiko, kwani spiriti inashika moto.

Bluu mpauko inatokeaje

Wino mpauko kwa kawaida ni wino wenye rangi kidogo na spiriti nyingi. Ukitaka kuona hilo, angalia maka peni iliyokauka ikidondoshewa spiriti kwenye ncha. Inaandika tena, lakini kila ukiiongezea, maandishi yanazidi kupauka. Umeongeza kibebaji, rangi haikuongezeka.

Usiihukumu bluu hii ikiwa mbichi. Ikiwa na unyevu huonekana imekolea, ikikauka inafifia hatua moja. Ukitaka ikolee, acha mstari wa kwanza ukauke kabisa, kisha pita tena juu yake. Ukipita kabla haujakauka, spiriti mpya inayeyusha rangi ya mwanzo, zinachanganyika na kusambaa. Wachoraji hupenda tabia hiyo, maana inawawezesha kupaka anga bila mistari kuonekana. Kwa anayeandika tarehe, herufi zinavimba na 6 inafanana na 8.

Inategemea unaandika juu ya nini

Karatasi laini ya daftari inanyonya wino. Spiriti inasafiri ndani ya nyuzi za karatasi ikibeba rangi, hivyo mstari unapanuka na kutokea upande wa pili.

Plastiki hainyonyi. Wino unabaki juu na kushikwa na gundi yake, ndiyo maana maji peke yake hayauondoi kirahisi. Lakini plastiki yenye vumbi au mafuta haishikiki. Wino unashika uchafu, na uchafu ukitoka unaondoka nao.

Wino huu pia unapitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya chini inaonekana kupitia juu yake. Bluu mpauko kwenye dumu la njano inakuwa kijani hafifu. Kwenye katoni ya kahawia karibu inapotea.

Adui wa kwanza ni jua

Mwanga wa jua huvunja chembe za rangi taratibu. Rangi zote za namna hii zinaweza kufifia, lakini penye rangi kidogo huisha mapema. Kiroba kilichowekwa barazani kitapoteza maandishi kabla ya kile kilicho ghalani kwenye kivuli.

Adui wa pili ni kitu chochote chenye spiriti au kiyeyushi: kitakasa mikono, manukato, petroli. Dawa nyingi za maji za kunyunyizia mimea nazo zina viyeyushi vikali. Tone moja likichuruzika kwenye chupa linaweza kufuta ulichoandika. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutohamishia dawa ya shamba kwenye chupa ya soda na kuandika jina kwa mkono. Maandishi yakifutika, inabaki chupa ya soda tu, na mtoto ataiona hivyo hivyo.

Jihadhari na kopi

Mashine za kutoa kopi, hasa za zamani, haziioni vizuri bluu mpauko. Mafundi wa uchapaji waliitumia makusudi kuweka alama zao, kwa sababu kwenye picha ya kuchapia haikutokea. Ukijaza fomu ya mkopo au ya shule kwa bluu hiyo, kopi inaweza kutoka na nafasi tupu.

Ufanye nini

- Alama ya kudumu iandike kwa maka peni nyeusi, mahali pakavu na pasafi.
- Andika upande usiopigwa na jua, kisha bandika selotepu inayoona juu ya maandishi.
- Kwa mbegu, weka pia kikaratasi ndani ya mfuko kilichoandikwa kwa penseli. Alama ya penseli ni kaboni. Haipauki kwa jua wala haiyeyuki kwa spiriti.
- Dawa ya shamba ibaki kwenye chombo chake chenye lebo ya kiwandani, mbali na watoto.
- Nakili tarehe muhimu kwenye daftari la nyumbani.
- Ukikosea kwenye plastiki, pamba yenye spiriti itafuta.

Bluu mpauko ina kazi yake: kuchora, kuweka alama za muda, kupaka rangi michoro ya watoto. Tarehe ambayo familia itaitegemea kabla ya kupika, iandike kwa nyeusi.