Kutoka karai la Buhemba hadi eksirei za Mirihi

Kiabakari ya leo, wilayani Butiama mkoani Mara, inajulikana kwa gereza lake na kwa mahujaji wanaofika kwenye kituo cha Huruma ya Mungu. Wazee wanaikumbuka kwa dhahabu. Mgodi wake ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Jirani yake, Buhemba, uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani, ulizimwa mwaka 1970, ukaja kuamshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni ya Meremeta, jina ambalo baadaye lilitikisa Bunge la Tanzania. Siasa za migodi ile tuziache. Kinachonivutia ni jinsi jiwe linavyosomwa, maana kazi iliyofanywa kwenye vilima hivi kwa nyundo na karai ndiyo inayofanywa sasa na roboti kwenye sayari ya Mirihi, na hatua zake hazijabadilika sana.

Mkoa huu wa Mara ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hiyo. Kuna matale ya granaiti yaliyotapakaa Bunda, ufukweni Musoma na hata Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Kuna pia ukanda wa miamba ya kijani wa Musoma–Mara, wenye umri wa miaka bilioni 2.7 hivi: lava ya kale, mawe yenye mistari ya chuma, na mishipa ya mawe meupe ya kwatzi ambamo dhahabu imejificha. Mtafutaji madini alianza kwa macho: rangi gani, mistari inaelekea wapi. Kisha nyundo, kwa sababu jiwe lililokaa juani na mvuani miaka mingi hudanganya kwa nje. Baada ya hapo lenzi ya mkononi. Mwisho alitwanga, akaosha kwenye karai, akatazama kilichobaki chini.

Roboti ya kwanza kutembea Mirihi, Sojourner, ilifika Julai 1997. Ilikuwa na uzito wa kilo 10 na ushee tu, lakini ilibeba kifaa cha kupima elementi zilizomo kwenye jiwe. Mwaka 2004 zikafuata roboti pacha mbili, Spirit na Opportunity, na hapo ndipo nyundo, lenzi na maabara vilipofungwa kwenye mkono mmoja wa chuma: kinoo cha kusaga ngozi ya jiwe, kamera ya kutazama chembe kwa karibu, na vifaa viwili vya kupima. Kimoja kilitumia ugunduzi wa Mjerumani Rudolf Mössbauer wa mwaka 1958, na kazi yake ilikuwa kuchambua madini ya chuma peke yake. Opportunity ilipelekwa uwanda wa Meridiani kwa sababu chombo kilichozunguka sayari kilikuwa kimeona hemataiti, madini yaleyale yanayotia wekundu mawe ya chuma ya Mara. Ilikuta vijiwe vya mviringo vya milimita chache, vimejaa hemataiti, katika miamba yenye jarosaiti. Jarosaiti haijiundi pasipo maji. Roboti iliyotarajiwa kudumu miezi mitatu ikaendelea hadi 2018.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kujua elementi si kujua madini. Katika masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini kuanzia 2019, dhahabu hupimwa kwa mashine ya XRF. Eksirei huipiga sampuli, kila elementi hujibu kwa eksirei za nishati yake yenyewe, na asilimia ya dhahabu husomeka papo hapo. Kwa mnunuzi hiyo inatosha. Kwa mjiolojia haitoshi. Paraiti, ile “dhahabu ya wajinga” inayowasumbua wachimbaji, ni chuma na salfa. Na markasaiti nayo ni chuma na salfa, kwa kipimo kilekile. Zinatofautiana kwa jinsi atomu zilivyopangwa, na mpangilio huo huonekana eksirei zinapopita kwenye fuwele na kutawanyika. Max von Laue na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1912.

Miaka 100 kamili baadaye, Oktoba 2012, roboti Curiosity ilichota mchanga wa Mirihi na kuupima kwa njia hiyohiyo, kwa mara ya kwanza nje ya dunia yetu. Mashine ambayo maabarani ilikuwa na ukubwa wa friji ilikuwa imebanwa hadi ikatosha tumboni mwa roboti. Februari 2013 ikatoboa jiwe, na unga wake ukaonyesha udongo wa mfinyanzi uliojiunda kwenye maji yasiyo na chumvi nyingi. Curiosity pia hupiga miamba kwa leza kutoka umbali wa hadi mita 7 na kusoma rangi za cheche zake. Nakipenda zaidi kitu kimoja kidogo ilichobeba: senti ya Marekani ya mwaka 1909, ya kupimia kamera, kwa heshima ya desturi ya wajiolojia kuweka sarafu kando ya jiwe wanapolipiga picha.

Roboti Perseverance, iliyotua Februari 2021, huchora ramani ya elementi kwenye eneo dogo kuliko stempu. Julai 2024 ilikuta jiwe lenye madoa ambayo watafiti waliyaita ya chui. Mwaka 2025 walieleza kwamba madoa hayo yana madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi huhusishwa na vijidudu. Mara nyingi, si kila mara. Kemia isiyo na uhai nayo huweza kuyaunda, na roboti haina namna ya kuamua. Kipande cha jiwe hilo kimehifadhiwa ndani ya mrija, kikingoja maabara ya duniani. Aprili 2024 NASA ilikiri kwamba mpango wa kuirudisha mirija hiyo ungegharimu hadi dola bilioni 11, na isingefika kabla ya 2040. Sampuli ya Buhemba hupanda basi la Mwanza kwenda maabara.