Deni Linalobebeka: Historia ya Mkopo katika Kaya za Kisangani

Kadi ya benki inayomruhusu mtu kutumia fedha asizonazo na kuzirejesha kidogo kidogo kila mwezi, ambayo katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini imezua mabishano mengi kati ya mume na mke, haikuwahi kushika nafasi kubwa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo swali linaloambatana nayo ni la zamani katika mji huo: je, deni ambalo kipato cha nyumba kinaweza kulilipa bila kuyumba lichukuliwe kuwa jambo la kawaida, au lifutwe haraka kabla halijaota mizizi? Mwenye kujibu kwa kulinganisha mshahara na malipo ya mwezi peke yake atakuwa ameacha nusu ya hesabu, kwa sababu historia ya Kisangani inaonyesha kwamba uzito wa deni ulitegemea zaidi fedha iliyotumika kulipimia, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kulidai.

Mji wenyewe ulikua juu ya mkopo. Chimbuko lake, kituo cha Stanley Falls kilichoanzishwa na Henry Morton Stanley mwezi Desemba 1883 penye maporomoko ya Wagenia, kilikuwa mwisho wa mnyororo mrefu wa biashara ya pembe za ndovu ambao kichwa chake kilikuwa Unguja, ambako matajiri wa Kihindi kama Taria Topan walitoa nguo, shanga na bunduki kwa mali kauli, yaani bidhaa zilizochukuliwa kwanza na kulipiwa baadaye, na wenye misafara wakalipa kwa pembe waliporudi pwani baada ya miaka kadhaa. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na ambaye Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya wali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, aliendesha shughuli zake kwa namna hiyo bila aibu yoyote, kwa kuwa katika biashara ile mdaiwa mkubwa alikuwa mtu wa heshima, na asiyekopeshwa na yeyote ndiye aliyetiliwa shaka. Lakini gharama ya mfumo huo haikubebwa na wadaiwa waliotia sahihi, bali na wapagazi, watumwa na vijiji vilivyovamiwa ili pembe zipatikane. Jambo hili husahauliwa kirahisi na wanaousifu mkopo wa kale kwamba ulisimama juu ya uaminifu.

Chini ya utawala wa Ubelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, deni liliingia katika nyumba ya mfanyakazi wa mshahara. Benki ya akiba ya koloni iliyoundwa mwaka 1950 ilihimiza kuweka fedha, lakini karani aliyesoma, ambaye wakoloni walimweka katika kundi la évolués, yaani Waafrika waliohesabiwa kuwa wamekaribia maisha ya Kizungu, alitakiwa kuonyesha hadhi hiyo kwa suti, samani, vitabu na watoto waliovishwa vizuri, huku akilipwa sehemu ndogo tu ya ujira wa Mbelgiji aliyefanya kazi ya namna ile ile. Patrice Lumumba, karani wa posta na kiongozi wa chama cha évolués mjini humo, alikamatwa mwaka 1956 kwa kosa la kuchukua fedha za hundi za posta, akafungwa, na rafiki zake wakachanga ili fedha zirudishwe. Kesi hiyo husomwa kwa kawaida kama sura ya maisha ya mwanasiasa. Inafaa pia kusomwa kama habari ya kaya ambayo matumizi yake yalipangwa na watu wengine, na mapato yake pia.

Baada ya uhuru, na hasa tangu Rais Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitagawiwa Wazaire, kama raia wa Kongo walivyoitwa wakati ule, maduka mengi ya Wagiriki na Wahindi mjini yaliishiwa bidhaa, na pamoja nayo ukapungua mkopo wa daftari la mwenye duka. Nafasi hiyo ilijazwa na taasisi mbili zisizo na ofisi, na tofauti kati yake ndiyo yenye kufundisha kuliko sera yoyote ya benki. Ya kwanza ni likelemba, ambayo katika Afrika Mashariki ingeitwa upatu au mchezo: watu wachache wanaofahamiana, aghalabu wanawake wa soko moja au watumishi wa idara moja, huchanga kiasi kilekile kila juma au kila mwezi, na mmoja huchukua chungu chote kwa zamu. Anayechukua wa kwanza huwa mdaiwa wa wenzake wote, wa mwisho huwa mdai wao, na walio katikati huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kulipa riba. Mwanachama akifiwa, zamu hubadilishwa, maana wadai wake ndio hao hao watakaoketi naye matangani.

Ya pili ni Banque Lambert, jina la benki halisi ya Ubelgiji ambalo watu wa Zaire walimpa kwa kejeli mkopeshaji wa mtaani. Huyo hutoa fedha papo hapo, hushika rehani chombo cha nyumbani au hati ya kiwanja, na hudai riba inayoweza kufikia nusu ya kiasi kilichokopwa kwa mwezi mmoja tu. Kiasi kidogo kwa mkopeshaji huyu ni hatari kuliko kiasi kikubwa katika likelemba, na mama muuza samaki wa Kabondo au Mangobo mjini humo hahitaji mtaalamu wa kumweleza hivyo.

Kisha fedha yenyewe ikasaliti pande zote. Mwezi Desemba 1979 serikali ilifuta noti za 5 na 10 za zaire, fedha ya nchi wakati ule, ikaruhusu kiasi chenye kikomo kubadilishwa kwa siku chache, na waliokuwa wameficha akiba nyumbani wakabaki na karatasi. Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya zaidi: mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000, hivyo faranga moja ililingana na zaire bilioni 300 za kabla ya Oktoba 1993. Deni lililoandikwa kwa zaire liliyeyuka pasipo kulipwa, na akiba iliyowekwa kwa zaire ikayeyuka vilevile. Kwa miaka ile mume na mke waliojinyima ili wasidaiwe walipoteza, na waliokopa benki mapema walipata. Bahati hiyo haikudumu, kwa kuwa wakopeshaji walijifunza upesi wakaacha kuhesabu kwa fedha ya nchi.

Tangu hapo dola ya Marekani ikawa kipimo cha deni, ilhali mwalimu na muuguzi wa serikali wanaendelea kulipwa kwa faranga. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga 920 hivi. Mwisho wa 2017 ilikaribia faranga 1,600. Kaya iliyodaiwa dola 100 ilihitaji faranga 92,000 mwanzoni na karibu 160,000 miaka miwili baadaye, ingawa haikuwa imekopa senti nyingine. Mishahara ya watumishi ilipoanza kupitishwa benki kuanzia 2011, benki zilianza kutoa mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mkopo huo ni nafuu kuliko ule wa Banque Lambert, lakini, tofauti na likelemba, haujui msiba.

Ni nani katika nyumba aliyekuwa na haki ya kukopa? Janet MacGaffey, mtafiti aliyechunguza wafanyabiashara wa Kisangani mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwakuta wanawake waliojenga biashara kubwa nje ya mkondo rasmi, ingawa sheria ilimdai mke idhini ya mume. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliendeleza sharti hilo katika kifungu cha 448, na kwa hiyo likelemba ikabaki mahali ambapo mke angeweza kudai na kudaiwa kwa jina lake mwenyewe, mara nyingine bila mume kujua kiasi. Siri hiyo ilimlinda dhidi ya mume mfujaji, lakini ilimaanisha pia kwamba nyumba moja iliweza kuwa na hesabu mbili za madeni, kila moja ikionekana ndogo, pasipo mtu wa kuzijumlisha. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa idhini ya mume na kuweka mahali pake wajibu wa wote wawili kukubaliana juu ya kila tendo la kisheria linalowafunga, mmoja mmoja au kwa pamoja, na wasipoelewana, aliyeathirika aende kwenye mahakama ya amani. Benki hufuata sharti hilo kwa sababu ina karatasi za kutiwa sahihi. Likelemba na Banque Lambert hazina karatasi za namna hiyo, na huko ndiko mikopo mingi ya kaya za Kisangani ingali inapatikana.