Msimu Uliobaki Mifukoni

Msimu wa 2020/21 timu ya soka ya Biashara United ya Musoma, iliyopanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2018, ilimaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Msimu kama huo hautunzwi kwa kadi za wachezaji, kama zile za besiboli Marekani, kwani hazikuzoeleka kwetu. Anayeutunza huweka jezi iliyopauka, ukurasa wa gazeti wenye kikosi, kipande cha tiketi ya Uwanja wa Karume, Musoma. Hicho cha mwisho ndicho kinachopotea upesi: huchanwa mlangoni, hulowa jasho, hufuliwa pamoja na suruali. Kama kimesalia kwa shabiki wa Bunda au Butiama ndani ya daftari la shule, kiachwe humo, pakavu, mbali na jua.