Programu nyepesi za kusomea PDF: ipi inafaa kompyuta yako?

Siku hizi hati nyingi zinazomgusa mkaazi wa Pwani huja kwa muundo wa PDF: barua za kazi, fomu za karo, miswada ya kaunti na, zaidi ya yote, matangazo ya ardhi. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa, na unaweza kulisoma bure katika tovuti ya Kenya Law. Ndani yake mna matangazo ya hatimiliki zilizoripotiwa kupotea. Tangazo likishatoka, mwenye pingamizi ana siku 60. Zikipita kimya, msajili wa ardhi hutoa hati nyengine. Kwetu sisi, ambako mambo ya ardhi yana historia ndefu na chungu, kushindwa kufungua faili kama hilo si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi za majumbani ni kuukuu, zina kumbukumbu ndogo, na bando la intaneti hununuliwa kwa kupimwa. Watu wengi hudhani PDF ni lazima isomwe kwa Adobe Acrobat Reader. Si lazima. Ni kweli kuwa kampuni ya Adobe ndiyo iliyoutoa muundo huu mwaka 1993, lakini tangu 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma. Acrobat Reader hailipiwi, lakini ni nzito: kuipakua hula mamia ya megabaiti, na kwenye mashine dhaifu huchukua muda kufunguka.

Anza na ulicho nacho

Kabla ya kupakua chochote, jaribu kivinjari chako. Firefox, Chrome na Edge zote husoma PDF zenyewe, hata bila ya intaneti. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua lifunguliwe kwa kivinjari. Kwa anayesoma barua moja kwa wiki, hilo latosha. Kasoro yake ni kwamba kivinjari chenyewe hula kumbukumbu nyingi, na faili la kurasa mia kadhaa laweza kukwama.

SumatraPDF

Kwa kompyuta ya Windows iliyochoka, hii ndiyo ya kwanza kuijaribu. Ilianzishwa na Krzysztof Kowalczyk mwaka 2006. Ni programu huria, yaani mbali na kuwa ya bure, inaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa. Faili lake la kupakua ni la megabaiti chache tu. Hufunguka upesi, hukumbuka ukurasa ulioachia, na husoma pia vitabu vya EPUB, MOBI na DjVu. Ina toleo lisilohitaji kusakinishwa: unaliweka kwenye flashi na kulitumia kwenye kompyuta yoyote ya Windows.

Hata hivyo, kazi yake ni kusoma. Ukiletewa fomu ya kujazwa kwenye kompyuta, tumia nyengine.

Okular na Evince

Okular, ya mradi wa KDE, inatumika kwenye Linux na Windows. Ni kubwa kuliko Sumatra, lakini inajaza fomu, inaweka alama na maelezo pembeni, na inakagua saini za kidijitali. Mwaka 2022 ilikuwa programu ya kwanza ya kompyuta kupewa nembo ya mazingira ya Ujerumani, Blauer Engel. Miongoni mwa masharti ya nembo hiyo ni kutotumia umeme ovyo na kuweza kufanya kazi kwenye mashine za miaka iliyopita. Kwa wenye Linux, Evince nayo ni sahali na huenda tayari imo.

Acrobat Reader bado ina nafasi yake. Baadhi ya fomu zilizotengenezwa kwa mitindo maalumu ya Adobe hugoma kufunguka kwengine. Ukikutana nayo, ifungue kwenye saiba, umalize, basi.

Tahadhari

Pakua kutoka kwa wenyewe tu: sumatrapdfreader.org au okular.kde.org. Tovuti nyingi za kugawa programu hujaza vitufe vya uongo vya kupakulia, na ukibonyeza unaletewa matangazo au virusi. Angalia pia kama kompyuta yako ni ya biti 32 au 64, kwani toleo la 64 halikubali kwenye mashine ya 32.

Usipandishe kitambulisho au hatimiliki kwenye tovuti usiyoijua eti ikugeuzie muundo. Ukishaituma, hujui nani anabaki na nakala.

La mwisho ni kuhusu kutafuta. Ukibonyeza Ctrl na F utapata kisanduku cha kuandika neno. Kwa Gazeti Rasmi, andika nambari ya kiwanja peke yake, kwani jina la mtu laweza kuendelezwa kwa njia mbili tatu. Lakini ikiwa kurasa zimepigwa picha kwa skana, kompyuta huziona kama picha, si maneno, na hiyo itakujibu kuwa hakuna kitu. Jaribu kwanza neno unaloliona kwa macho ukurasani. Lisipopatikana, usiamini jibu hilo; pitia kurasa moja moja.

Na kwa kuwa Sumatra yaruhusiwa kunakiliwa, mtu mmoja mwenye bando aweza kuipakua na kuwapelekea jirani zake kwa flashi. Mtaa mzima utaweza kusoma matangazo yake kabla siku 60 hazijaisha.