Kittyhawk ET574: Ndege imeonekana, rubani bado

Mwanzoni mwa mwaka 2012, wafanyakazi wa kampuni moja ya mafuta kutoka Poland walikuwa wakizunguka katika jangwa la magharibi mwa Misri, mahali ambapo mji wa karibu uko mamia ya kilomita, wakakuta ndege imelala kifudifudi juu ya mchanga. Mabawa yalikuwa yapo, mkia upo, saa za chumba cha rubani zimo. Propela ilikuwa imeng'oka. Miaka 70 ilikuwa imepita na hakuna aliyejua ilikoangukia.

Jangwa halina mvua wala chumvi. Sisi wa mwambao tunajua chumvi inavyokula bati la paa kwa miaka michache tu. Ndege hiyo ingeangukia upande wetu, leo usingepata hata msumari. Kule mchanga uliikwangua rangi, lakini bodi ikabaki.

Picha zilipotoka, kazi ya kuitafutia historia yake haikuchukua muda mrefu, na hapa ndipo penye somo kwa anayependa mambo haya. Kila ndege ya jeshi la Uingereza ilipewa nambari yake, ikaandikwa ubavuni karibu na mkia. Juu ya hiyo kulikuwa na herufi kubwa: mbili za kikosi, moja ya ndege yenyewe. Mbali na rangi, kiwanda kilikuwa kikipigilia vibati vya chuma ndani, na hivyo havifutwi na upepo. Ukishapata nambari, unakwenda kwenye daftari la kikosi. Kila kikosi kiliandika siku kwa siku: ndege gani imeruka, nani alikuwa ndani, saa ngapi imeondoka, imerudi au haikurudi. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza, na mtu wa kawaida anaweza kuyasoma.

Nambari ilikuwa ET574. Ndege ya aina ya P-40 Kittyhawk, iliyoundwa Marekani na kampuni ya Curtiss, yenye bunduki sita za rashasha mabawani. Ndege za aina hiyo ziliundwa zaidi ya 13,000, kwa hiyo si kwamba ilikuwa kitu adimu wakati wake. Ilikuwa mali ya kikosi nambari 260 cha Jeshi la Anga la Kifalme. Daftari likasema iliruka tarehe 28 Juni 1942, na rubani alikuwa Sajini Dennis Copping, kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Southend, Uingereza.

Tazama tarehe hiyo. Tobruk ilikuwa imeangukia mikononi mwa Rommel tarehe 21 Juni. Mersa Matruh ilianguka tarehe 29, siku moja baada ya safari ya Copping. Waingereza walikuwa wakirudi nyuma kwa haraka kuelekea El Alamein, na vikosi vya ndege vilikuwa vikihama kiwanja hadi kiwanja. Katika purukushani hiyo Copping aliambiwa aipeleke ndege mbovu kwenye kiwanja kingine ikatengenezwe. Hakutumwa vitani. Ilikuwa safari fupi tu ya kupeleka chombo kwa fundi, na magurudumu yake yalikuwa hayapandi.

Inasimuliwa kwamba mwenzake aliyeruka naye alimwona anapinda kuelekea kusini magharibi, ndani kabisa ya jangwa, akampa ishara na asiitikie. Kwa nini alikwenda njia ile? Yamesemwa mengi, na kila mpenda ndege ana dhana yake. Mimi naona ubishi huo hauna mwisho, kwa sababu wa kuulizwa hayupo.

Ila jambo moja liko wazi, nalo ndilo lililonigusa: Copping hakufa katika mtuo ule. Pembeni ya ndege palikutwa kitambaa cha parachuti alichokitandaza kujitafutia kivuli. Redio na betri zake zilikuwa zimetolewa nje, alama ya mtu aliyejaribu kuita msaada. Mwezi wa Juni, katikati ya Sahara, bila maji ya kutosha. Hakuna maiti iliyokutwa ndani ya ndege, kwa hiyo wakati fulani aliamua kutembea.

Mwaka huohuo watafiti wa Kiitaliano walisema wamekuta mifupa na kipande cha parachuti kilomita chache kutoka hapo. Familia ikatarajia. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikasema haiamini kuwa mifupa hiyo ni ya Copping, na jambo likaishia kwenye maneno. Kwetu huku, ambako kila mtaa wa kale una nyumba iliyopoteza baharia, tunaijua hali hiyo. Aliyepotea hana kaburi la kuzuru, mirathi yake inangoja kauli ya kadhi, na mama hafungi mlango. Tukumbuke pia meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini Februari 1944 ikiwa na askari wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Karibu watu 1,300 walikufa, na wengi wao bahari haikuwarudisha.

Chuma kilipata watetezi wengi kuliko mtu. Wanajeshi wa Misri walitoa bunduki na risasi kwa usalama. Wapita njia nao wakaanza kuchomoa vipande vya kumbukumbu. Makumbusho ya jeshi la anga huko London yalitaka ndege ipelekwe kwao, yakafikia kutoa ndege yao moja ya Spitfire kuwa malipo ya kazi ya kuihamisha. Spitfire ikaenda, Kittyhawk haikufika London. Ilisafirishwa hadi El Alamein, ikakaa ndani ya kontena miaka kadhaa. Waingereza wenyewe walilaumiana sana kwa biashara hiyo, na sidhani walikosea kulaumiana.

Mwaka 2017 ikaonekana imewekwa katika makumbusho ya kijeshi ya El Alamein, imepakwa rangi mpya inayong'aa. Wapenzi wa historia walisikitika. Makwaruzo ya mchanga wa miaka 70, ambayo yalikuwa ushahidi wenyewe, yakafunikwa kwa kopo la rangi. Kwa upande mwingine, iko katika nchi iliyoangukia, na mtoto wa Kimisri anaweza kwenda kuiona.

Katika mji huohuo wa El Alamein kuna mnara wa waliopotea bila kaburi, na askari wa anga peke yao ni zaidi ya 3,000. Jina la Copping limo.