Siti binti Saad chini ya mkorosho

Ubishi ulianza siku ya pili. Kijana aliyekuwa anasoma hajamaliza hata ukurasa, bibi mmoja akanyanyua mkono. "Mwanangu, ngoja kwanza. Huyu aliyeandika alimpenda sana huyu mwanamke, nimesikia. Ila mie nataka kujua wale waliokaa kumsikiliza walisema nini wakirudi majumbani kwao."

Kijana akaangalia kitabu, akaniangalia mimi. Sikuwa na jibu, basi tukaendelea kusoma. Lakini swali lile halikuondoka, na kwa sababu yake ndiyo naandika haya.

Kitabu chenyewe ni Wasifu wa Siti binti Saad cha Shaaban Robert. Kilifika hapa kambini na kijana aliyerudi kutoka Mtwara, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, hakina jalada. Tunakisoma baada ya alasiri, chini ya mkorosho, karibu na lona ninapofanyia kazi na vijana. Mwanzo tulikuwa sita. Halafu wanawake wa tufo wakasikia kwamba ni habari za mwimbaji, wakaja, na baada ya wiki moja wao ndio wengi. Wengi wetu shuleni tumesoma Kireno. Kiswahili tumekipata nyumbani, sokoni, na kwenye redio ya upande wa pili wa Ruvuma. Kukisoma kwa macho ni kazi, lakini kukisikia kinasomwa ni raha.

Kwa ambao hawakuwepo, nieleze kidogo. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake asili ya Uzigua. Jina alilopewa mtoto ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Hapo bibi yule yule alitusimamisha tena, akatwambia turudie, tukarudia. Utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria Unguja wakati ule, mpaka 1897. Na watu waliopelekwa kule hawakutoka mbali na sisi. Wamakua, Wayao na watu wa Nyasa walishuka mpaka pwani hii, wakapakiwa kwenye majahazi. Ibo, ambayo leo wageni wanaipiga picha, ilikuwa bandari ya biashara hiyo. Kwa hiyo tuliposoma jina la yule mtoto, hakuna aliyecheka.

Alifinyanga vyungu na mama yake, na Siti ndiye aliyekuwa akivitembeza kuviuza. Sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini, akakutana na mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa 1905, akafundishwa kuimba na muziki. Taarabu ya wakati ule ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyemtuma mtu Misri akajifunze, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akapanda meli na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine ya kampuni ya HMV, na sahani za santuri zikarudi zikaenea pwani nzima. Jina la Mtumwa likapotea, akabaki Siti, yaani bibi mwenye heshima. Alifariki Julai 1950.

Shaaban Robert alikutana naye karibu na mwisho wa maisha yake, na wasifu ukachapwa 1958. Yeye mwenyewe alifariki 1962. Alikuwa mtu wa Tanga, alifanya kazi ya serikali ya wakoloni miaka mingi, hata forodhani, na usiku anaandika. Ukimsikiliza unajua ni mtu anayetaka msomaji awe mtu bora kesho kuliko leo. Siti wake ni mvumilivu, anatukanwa kwa sura na kwa asili anajibu kwa wimbo, anakaribishwa na wakubwa hasahau alikotoka. Mimi sisemi ni uongo. Vijana wangu kitabu hiki kimewafaa sana, hasa wasichana wawili wanaouza bagia barabarani, ambao sasa wakiitwa majina mabaya wanajibu, "Na Siti aliuza vyungu." Lakini ni kitabu cha mtu mmoja anayemtazama mtu mmoja. Bibi aliuliza habari za umati.

Jibu lilitoka mahali ambapo sikutegemea. Mfanyakazi mmoja wa misaada, dada anayekuja kila Jumatano na orodha zake, alikaa na sisi akisubiri gari. Akasikia jina la Siti, akasema chuoni aliwahi kusoma kitabu kingine kinachomtaja. Kinaitwa Pastimes and Politics, kimeandikwa na mwanahistoria Mmarekani, Laura Fair, na kimetoka 2001. Mwandishi huyu alikwenda Unguja akakaa na wazee waliomsikia Siti kwa masikio yao, akawauliza: nyimbo zile ninyi mlizielewaje? Yaani swali la bibi yetu kabisa.

Basi Jumatano iliyofuata dada akatueleza ile sehemu. Yeye anasema kwa Kireno, mimi naweka kwa Kiswahili, na mama mmoja pembeni anawawekea wenzake kwa Kimwani. Ilichukua muda mrefu, na kila neno lilipopita lilipata mjadala wake.

Wazee wale walikuwa wa Ng'ambo. Ng'ambo ni ule upande wa pili wa mji wa Unguja, mbali na majumba ya mawe, ambapo waliishi wachukuzi, madobi, wavuvi, watumwa wa zamani na watoto wao. Siti aliimba kwa sultani, ndiyo, lakini alikuwa akiishi na kuimba Ng'ambo. Watu walijaa kwake usiku. Waliokuwa hawana santuri walikwenda kwenye vibanda vya kahawa wakasikiliza sahani moja hiyo hiyo, kisha wakaanza: huyu anayeimbwa ni nani? Jambo hili lilitokea mtaa gani? Neno hili amelificha nini ndani? Karani aliyeiba, tajiri aliyedhulumu, hakimu aliyependelea, wote waliweza kujikuta ndani ya wimbo bila kutajwa wazi. Na maneno hayakuwa ya Siti peke yake. Wenzake wa kikundi walitunga, na habari zenyewe zililetwa na majirani.

Mwaka ule ule wa 1928 ambao Siti alikwenda Bombay, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba ilikuwa yako, umejenga kwa mkono wako, lakini ardhi chini yake ina mwenyewe na mwenyewe anataka pesa. Nilipotafsiri hapo nilisikia kelele ya kwanza ya siku ile. Wanaume waliokuwa wamejilaza pembeni wanajifanya hawasikii wakakaa. Sitaeleza zaidi kwa nini. Mtu yeyote aliyejenga hapa kwenye kiwanja cha kuazimwa anaelewa.

Halafu tukafika kwenye Kijiti.

Kijiti ni wimbo, na ni jina la mtu. Habari yake, kama wazee wa Unguja walivyoieleza, ni hii. Mwanamke mjamzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Akaenda na wenyeji wake kwenye starehe ya usiku, pombe ikanywewa, na mwanamume huyo Kijiti akamdhulumu, akamuua. Kisha akavuka bahari akakimbilia bara. Kesi ikafika mahakamani. Wanawake waliokuwa na marehemu wakatoa ushahidi, na mwisho wake wao ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya pombe ile. Muuaji yuko zake bara.

Nilitafsiri sentensi ya mwisho, na yule mama wa Kimwani hakuitafsiri. Alinyamaza. Baadaye akaisema polepole, na wanawake wote wakainamisha vichwa, kapulana mdomoni. Mmoja akauliza, "Wale mashahidi walifungwa?" Nikamwuliza dada, dada akasema waliadhibiwa. Yule mama akasema, "Ndiyo maana ukaimbwa."

Hapa nisimame niseme na wasomaji wetu wa mashirika, kwa heshima. Mnakuja na fomu mnawauliza wanawake kama kuna vitendo vibaya kambini, na wanawake wanasema hakuna. Mnaandika hakuna. Siku ile chini ya mkorosho hakuna aliyeulizwa chochote, ila baada ya habari ya Kijiti watu walikaa mpaka giza, na mambo yaliyosemwa siyaandiki hapa. Walikuwa wanajadili wimbo wa Unguja wa miaka karibu mia iliyopita. Ndivyo walivyosema, na mimi nawaamini.

Wimbo ule haukufa na Siti. Bi Kidude, ambaye alifariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana, aliendelea kuuimba. Kijana mmoja alikuwa nao kwenye selulari, akaupiga. Bibi yetu akausikiliza mpaka mwisho, macho kafumba, akasema, "Sasa kitabu kimetimia." Sikubaliani naye moja kwa moja. Shaaban Robert alifanya kazi ambayo wimbo hauwezi, alituhifadhia Fumba na vyungu na lile jina la kwanza. Tulibishana hapo, na bado tunabishana. Vijana wako upande wangu, wanawake wote upande wake.

Swali lililofuata lilikuwa letu. Nani ameandikwa huku? Mtu akamtaja Zena Bacar wa kikundi cha Eyuphuro, kilichoanza Nampula 1981, aliyetunga na kuimba kwa Kimakua, na sahani yao Mama Mosambiki ikatoka Ulaya 1990. Wenye umri walimjua mara moja, wakaanza hata kumwimba. Alifariki Desemba 2017, miezi miwili tu baada ya vita kuanza Mocímboa da Praia. Kati yetu sote hakuna aliyewahi kushika kitabu chake. Na huyo ni mkubwa, amesikika duniani. Mtungaji wa tufo wa kijijini je?

Tunaye mmoja. Jina lake amekataa nisiliandike, na nimemtii. Tufo, kwa wageni wetu, ni ngoma ya wanawake wa pwani yetu hii mpaka Nampula. Wanavaa kapulana za aina moja, usoni wamepaka msiro, wanaimba na kucheza kwa matari. Kila kikundi kina mtu wake wa maneno. Mama huyu alikuwa mtu wa maneno wa kikundi chake miaka kumi na zaidi. Nyimbo alikuwa anazisema, na binti yake anaziandika kwenye daftari la shule. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, walikimbia na mtoto mgongoni na maji. Daftari lilibaki ndani, nyumba ikaungua.

Nilifikiri kazi itakuwa rahisi: nikae naye, aimbe, niandike, kama Shaaban Robert alivyokaa na Siti. Nikanunua daftari. Siku ya kwanza akaimba beti mbili za wimbo mmoja, akasimama. Ubeti wa tatu haupo. Akaimba mwingine, nao una tundu katikati. Nilidhani amesahau kwa sababu ya shida. Akacheka, akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Wimbo wa tufo yeye huuanza, lakini wa kuujibu ni wengine, na mengine waliongeza wao siku ya arusi fulani, na yakabaki. Hakuwahi kuwa nao mzima kichwani, hakukuwa na haja. Wenzake walikuwa wamekaa pale pale.

Sasa mmoja yuko Metuge, wawili Nampula, mmoja Mtwara, mmoja amefariki kwenye mashua akielekea Pemba.

Kwa hiyo tunapiga simu. Jumamosi asubuhi, mtandao ukiwepo, tunasimama kwenye kile kichuguu nyuma ya kisima, tunaweka sauti kubwa. Wiki iliyopita tulimpata yule wa Metuge. Salamu zilikula nusu ya vocha: watoto, mvua, nani kafa, mihogo imeshikaje. Halafu mama akaanza wimbo, na kule mwisho wa simu yule mwenzake akaupokea bila kuulizwa, kwa sauti iliyokatikakatika, akaingia kwenye ubeti wa tatu.

Mama akamkatiza. "Siyo hivyo."

"Ndivyo."

"Tulisema chombo kimerudi, hatukusema chombo kimepotea."

"Wewe ulisema kimerudi. Sisi tulikuwa tunaimba kimepotea, wewe hukuwa unasikia, matari yako karibu na sikio."

Wakabishana mpaka vocha ikaisha. Binti yake akaniuliza aandike lipi. Nikamwambia ayaandike yote mawili, moja chini ya jingine, na aache mistari mitupu chini yake, maana wale wa Nampula bado hatujawapata.